Msingi wa Mteremkoni

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Daftari hili lilikuwa la mkamwana wangu. Aliandika kurasa tatu za mwanzo akalitupa juu ya kabati, basi nimelichukua mimi. Nilisoma miaka minne tu na herufi zangu kila moja inakwenda njia yake, lakini nitaandika. Nataka siku nikiulizwa kwa nini nilifanya nilichofanya, asitokee mtu wa kuniambia bibi umezeeka, unachanganya mambo.

Leo asubuhi nilipanda kwa wifi yangu na ndoo ya mahindi kwenda kusaga. Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu, na mashine yake ya kusaga ndiyo pekee huku kwetu. Nasema yake kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Mashine ile tuliitafuta mimi na mume wangu, na nyumba yake tuliijenga kwa mikono hii. Mume wangu alipofariki, miaka tisa sasa, wifi yangu aliingia kwenye kikao cha ukoo akalia. Alipomaliza kulia, kiwanja cha juu kilichonyooka kilikuwa chake pamoja na mashine iliyomo, na mimi nilikuwa nimepewa mteremko. Ukiangusha kitunguu jikoni kwangu, unakwenda kukiokota njiani.

Basi leo nilikuwa wa nne kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika akasema mashine imechemka, inapumzika. Nikakaa pembeni. Haukupita muda wa kupiga chafya, akamsagia aliyekuwa nyuma yangu. Nikamuuliza kama mashine imeota ndoto mbaya ikashtuka usingizini. Watu wakacheka. Wifi akapangusa unga mikononi, akasema taratibu, wote wasikie:

"Wifi, kama una haraka si uweke ya kwako. Ila sijui utaiweka wapi. Kwako hata sufuria haitulii jikoni."

Walicheka zaidi kuliko mara ya kwanza.

Nimerudi na mahindi yangu mazima mazima. Nimempigia mwanangu simu.

Alhamisi, tarehe 6

Mwanangu ni fundi wa injini huko mjini. Anayo mashine ya kusaga aliyoiunganisha kutoka kwa mashine tatu zilizokufa, anasema inaunguruma vizuri. Ataileta mwezi wa tano. Lakini akanionya: inataka banda lenye sakafu ya zege iliyonyooka kabisa, maana ikiinama kidogo tu itatetemeka mpaka ijifungue nati yenyewe. Akaniuliza, mama, mteremko ule utauweza? Nikamwambia alete mashine, mengine si kazi yake.

Mavuno ni mwezi wa sita. Nataka mavuno yakifika, watu wapite mbele ya mlango wa wifi yangu na magunia yao kichwani, wasigeuze hata shingo.

Jumamosi, tarehe 8

Fundi mwashi amekuja. Wanamwita Taratibu. Kazi ya siku mbili yeye anaifanya nne, ila hajajenga kitu kikaanguka. Alisimama mteremkoni akitafuna bua la nyasi muda mrefu hadi nikamuuliza kama amekuja kujenga au kula malisho.

Nilimpa mpango wangu: tuchimbe upande wa juu, udongo tuutupe upande wa chini, tusawazishe, siku mbili tumemaliza. Akatikisa kichwa. Alisema udongo wa kutupa unadanganya, unaonekana ardhi mpaka mvua ije, halafu unaondoka na nusu ya banda. Yeye atachimba mpaka kwenye udongo mgumu pande zote, na mitaro inayoshuka na mteremko ataikata kwa ngazi, kila ngazi imelala sawasawa, kwa sababu mawe yakipangwa kwenye mtaro ulioinama yanateleza. Upande wa chini ukuta wa mawe utapanda hadi ulingane na wa juu.

Nikamwambia anaongea vizuri, sasa afanye haraka. Akasema haraka hana.

Jumapili, tarehe 9

Magoti.

Jumanne, tarehe 11

Leo tumepima. Taratibu ana mpira mwembamba unaoonyesha ndani, anaujaza maji, mmoja anashika ncha ya juu na mwingine ncha ya chini, na pale maji yanaposimama huku na huku ndipo usawa ulipo. Nilishika ncha ya juu. Mkamwana wangu alishika ya chini. Sikumtegemea, maana huyu binti tangu aolewe na mwanangu ukimwambia leta chumvi anakuletea baada ya chakula kuliwa. Lakini leo alisimama kimya kama amepandwa, hakutikisa mkono, na ndiye aliyeona kuna kipovu cha hewa katikati ya mpira, akasema mwage tujaze upya, la sivyo maji yatatudanganya. Taratibu akamwangalia mara mbili. Na mimi pia.

Tulipofunga kamba kutoka kigingi cha juu mpaka cha chini, upande wa juu kamba iligusa nyasi. Upande wa chini ilinifika kifuani. Urefu huo wote ndio nilionyang'anywa na wifi yangu.

Ijumaa, tarehe 14

Tunachimba. Wifi alisimama kwenye ukingo wa kiwanja chake, juu yetu, mikono kiunoni. Hakusema kitu, nami nikachimba kwa sauti.

Jumatano, tarehe 19

Ngazi ya kwanza na ya pili tayari. Mkamwana anapiga sururu vizuri kuliko mume wake. Nimemwambia hivyo, akacheka. Sikujua ana mwanya.

Ijumaa, tarehe 21

Leo nimefanya kazi niliyopaswa kuifanya miaka tisa iliyopita.

Asubuhi Taratibu alivuta kamba akasita. Akapima tena kwa mpira. Kigingi cha juu kimelala, kamba imeshuka upana wa kiganja, na ngazi ya tatu tuliyoikata jana imefuata kamba hiyo, kwa hiyo ni ya kurudia. Mimi sikuuliza kigingi kimelazwa na nani. Kigingi cha juu kiko hatua sita kutoka uwanja wa wifi yangu. Nilifunga nguo kiunoni nikapanda.

Foleni ilikuwa ndefu, nikafurahi. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kumnyang'anya mjane mashine hakukumtosha, sasa anakuja kung'oa na vijiti vyake. Kwamba mtu mzima na mvi zake anatambaa kwenye nyasi kuhujumu kigingi. Kwamba nyumba anayosagia ilibebewa mawe na mimi nikiwa na mimba ya mwanangu, yeye akiwa amekaa anasuka nywele. Niliyasema yote. Mengine nilirudia.

Aliizima mashine ili anisikie vizuri. Halafu akasema hana muda wa kushika kigingi changu, ana mashine ya kushika. Akaiwasha tena.

Nimeshuka kifua chepesi. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumamosi, tarehe 22

Tumerudia ngazi ya tatu. Taratibu hakulalamika, lakini alitafuna majani mengi.

Jumatano, tarehe 26

Sitaki kuandika hili, lakini nilisema nitaandika.

Kutoka jikoni kwangu kwenda juu kwenye kazi kuna mahali pamekatika, ni pa kupanda kwa nguvu, na mimi sitembei na fimbo. Daktari alinipa fimbo, nimeifanya ya kufukuzia kuku. Leo asubuhi nilipofika pale niliinua mkono, nikashika, nikajivuta, nikapanda. Nikiwa tayari nimesimama juu ndipo nikaona nilichokishika. Kigingi cha juu. Na mkono wangu ulikwenda pale wenyewe, bila macho kuutafutia, maana yake umezoea. Nimekuwa nikijivuta kwa kigingi kile kila siku, kwenda na kurudi, mara nane, mara kumi.

Mkamwana alikuwa chini ananiangalia. Nikamuuliza unaangalia nini. Akasema, "Hakuna, mama." Baadaye nikakuta amepigilia kijiti kingine kinene kando, hakina kamba, kimekaa pale tu.

Kwenda kwa wifi kuomba radhi sikwenda. Hili hakufanya, sawa. Yale mengine alifanya.

Jumapili, tarehe 30

Mvua ya kwanza. Ndogo. Imenusa tu ikaondoka.

Jumanne, tarehe 1, mwezi wa nne

Leo haikunusa. Ilianza saa nane mchana na kwa saa mbili sikuona hata choo changu. Ilipokatika tulipanda kuangalia. Mtaro wa juu umekuwa mto. Kona yake moja imebomoka, udongo wote umeingia ndani, na ngazi mbili zimejaa tope hadi juu. Kazi ya wiki mbili.

Na maji yalikuwa bado yanakuja. Yalitoka kwenye mfereji wa wifi yangu. Mume wangu ndiye aliyeuchimba zamani, kiwanja kilipokuwa kimoja, utoe maji ya paa na ya uwanja uyamwage huku mteremkoni, wakati huku ni nyasi tupu. Sasa yanamwagika moja kwa moja kwenye msingi wangu.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwavuli. Nikapaza sauti nimwulize kama anayaona maji yake. Akajibu kwamba maji si yake, ni ya Mungu, na kwamba yanateremka kwa sababu huko kuna mteremko. Akaingia ndani.

Taratibu anasema maji yanafuata njia yaliyochimbiwa, hayana ugomvi na mtu. Nilimwambia ajishughulishe na mawe yake.

Alhamisi, tarehe 3

Nimeuziba.

Nimengoja siku mbili nipate nafasi. Leo mashine ya wifi ilikuwa kimya tangu asubuhi na mlango umefungwa, nikajua amekwenda mjini. Taratibu hakuja, mkamwana alikuwa kliniki. Nilichukua karai na koleo. Udongo tulioutoa kwenye mitaro ulikuwa umerundikwa pale pale, mwekundu, mzito, unashika kama gundi. Karai moja moja niliupandisha mpaka kwenye mdomo wa mfereji, nikaumwaga, nikaukanyaga kwa miguu yote miwili. Kupanda nilipanda kwa miguu. Kushuka, magoti yaligoma, nikashuka nimekaa. Sikuhesabu karai. Nilipomaliza mdomo wa mfereji ulikuwa umelingana na nyasi, na nikapandikiza nyasi juu.

Wala moyo haukunidunda. Mvua si ni ya Mungu? Basi Mungu amnyeshee huko huko kwake.

Mkamwana aliporudi aliniona nimekaa uani na nguo imejaa udongo mwekundu nyuma na mbele. Aliniwekea maji ya kuoga.

Jumanne, tarehe 8

Imenyesha usiku kucha na asubuhi yote. Mtaro wangu mkavu.

Jumatano, tarehe 9

Habari imeshuka yenyewe bila kuitwa. Maji yameingia nyumba ya mashine ya wifi yangu. Yalijaa uwanjani, yakakosa pa kutokea, yakakaa kwenye kona inayotazama kwangu mpaka kona ikatitia. Sakafu imepasuka. Mashine imeinama, na kila ikiwashwa mkanda unaruka nje kama nyoka. Magunia ya watu yamelowa.

Nilikaa jikoni peke yangu nikacheka. Miaka tisa sijacheka kicheko kile.

Ijumaa, tarehe 11

Taratibu amepanda kuangalia uharibifu kwa wifi, akarudi. Alichota udongo kidogo kwenye rundo letu, akausugua kwa vidole. Akasema, bila kuniangalia, kwamba udongo wa juu kule ni mweusi, huu mwekundu unatoka chini tu, urefu wa mtu. Ameuona mahali pengine leo.

Nikamwambia udongo una miguu. Akasema ndiyo, hata alama zake ameziona, na makalio unayo. Akaendelea kupanga mawe.

Hakulitaja tena. Lakini ameweka kokoto nyuma ya ukuta wa juu, mkanda mpana, na bomba la kupitishia maji, na alipokuwa anaziweka alisema banda la mtu kama mimi linahitaji tahadhari.

Jumamosi, tarehe 19

Ukuta wa chini umenifika kiunoni.

Alhamisi, tarehe 24

Ukuta wa chini umenifika kifuani. Taratibu amevuta kamba kutoka juu mpaka chini, mkamwana kashika mpira, na maji yamesimama pamoja na mawe pande zote nne. Nilizunguka mara tatu nikigusa kamba kwa kidole. Wala haikupanda, wala haikushuka.

Jumatatu, tarehe 28

Tunajaza ndani. Mawe, kifusi, udongo wa changarawe, tabaka moja moja la shubiri moja, unanyunyizia maji halafu unashindilia kwa gogo. Taratibu alitaka kuleta mtu wa kushindilia. Nikamwambia nipe hilo gogo.

Kila pigo lina kazi yake. Hili la kiwanja. Hili la mashine. Hili la sufuria isiyotulia. Hili la siku ya maziko alivyovaa vile viatu. Mkamwana akapokea gogo nilipochoka, nikamsikia naye anasema kitu chini chini kila akipiga. Nikamuuliza anamtaja nani. Akasema, "Wewe mama, endelea kupumzika tu." Nikaona bora nisijue.

Taratibu alikanyaga sakafu na kisigino, hakikuacha alama. Akasema hajaona kifusi kilichoshindiliwa kwa chuki namna hii, na kwamba laiti wateja wake wote wangekuwa na mawifi.

Ijumaa, tarehe 2, mwezi wa tano

Zege limemwagwa. Kuku mmoja alikatiza. Nimemchinja, na alama zake nimezifukia mwenyewe kwa mwiko.

Jumamosi, tarehe 17

Mwanangu ameleta mashine. Nguzo zimesimama, bati limepigwa, na nati nne za mashine zimekaa kwenye zege. Aliweka pima maji juu ya chuma, tukainama wote wanne kuangalia. Kipovu kilikaa katikati, maana yake imelala sawasawa. Mwanangu aliniangalia, akaanza kusema kitu kuhusu baba yake, nikamwambia afunge mkanda.

Alhamisi, tarehe 29

Watu wanakuja. Wa juu, wa ng'ambo ya korongo, wote. Wanapita mbele ya mlango wa wifi yangu na magunia kichwani kama nilivyotaka. Fundi aliyeitwa na wifi anamwambia angoje ardhi ikauke.

Jumanne, tarehe 3, mwezi wa sita

Mavuno. Tunasaga tangu alfajiri mpaka jioni. Mkamwana ameshika upande wa mizani kama amezaliwa nao. Unga mpaka kwenye nyusi.

Mtu wa foleni, mama mmoja mnene mwenye maneno, amesema maskini wifi yako, mvua ya mwaka huu imemwonea. Wengine wakaitikia, mvua ya mwaka huu mbaya. Kila mtu mvua, mvua.

Jumamosi, tarehe 7

Leo tena. Maskini wifi yako, mvua. Nimemrudishia mtu ndoo yake kwa nguvu, akaniuliza kama naumwa.

Nimewaza. Mtu ukimpiga akadhani amejikwaa, umempiga nini? Yeye amekaa kule anaitukana mvua. Hajui. Na mimi siwezi kufurahia kitu ambacho mwenyewe hajui kimetoka kwangu.

Jumatano, tarehe 11

Nimekwenda kumwambia.

Nilipanda mchana, baada ya kumwachia mkamwana mashine. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba ya mashine, miguu ameinyoosha. Kona imetitia kweli. Mawe ya chini yalikuwa wazi, na moja nililitambua, la bluu, lina kovu upande mmoja. Nililibeba mimi. Sikulitazama sana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi.

"Nimekuja kukuambia jambo," nikasema. "Mfereji wako haukuzibwa na mvua. Niliuziba mimi kwa mikono yangu."

Akafinya macho kwa ajili ya jua.

"Kaa, wifi."

"Sikai."

"Basi simama. Nilikuona."

Nikamwambia hakuniona, alikuwa mjini. Akacheka, na ni miaka mingi sijamwona akicheka bila watu wa kumsikiliza.

"Nilikuwa na homa, ndiyo maana mashine ilikuwa kimya. Dirisha la chumbani liko wazi, kitanda kiko hapo. Nilihesabu karai zako mpaka thelathini na mbili, nikasinzia. Ulikuwa unashuka kwa makalio, wifi. Mbavu ziliniuma kwa kucheka, na homa ile."

Nilimuuliza kwa nini hakutoka kunizuia. Alikuwa anachambua kucha.

"Ningetoka nikuambie nini? Mashine hii najua ni ya nani. Kila nikiiwasha najua. Nikasema mwache azibe, mwache maji yaingie, achukue anachochukua, halafu kati yangu na yeye iwe imekwisha. Nilidhani utakuja siku ileile kunicheka. Nimekusubiri miezi miwili."

Maneno yangu niliyoyapanga yote yalinipotea. Nilimwambia mwendawazimu. Nikateremka.

Alhamisi, tarehe 12

Sikusaga leo. Nimemwambia mkamwana naumwa kichwa.

Nimekaa nikifikiri. Nilidhani nimejilipizia, kumbe nilipewa. Alilala kitandani na homa yake akanipa, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili amwondokee mlangoni. Miaka tisa ya kuitwa wa mteremkoni, kikao kile, machozi yale, vyote vimekwisha kwa karai thelathini na mbili za matope, na ukaguzi kafanya yeye, na hukumu katoa yeye. Mimi nilikubali lini? Nani aliniuliza?

Na analala usingizi. Mkamwana amekiri kwamba huwa anampelekea uji, anasema tangu mwezi wa nne wifi yangu analala mpaka jua linapanda. Nilitaka kumgombeza kwa huo uji. Nikamwambia aendelee kupeleka.

Hapana. Haijakwisha. Haiwezi kwisha kwa namna yake.

Ijumaa, tarehe 13

Nimemwita Taratibu. Nilimwambia tunakwenda kujenga kona. Akauliza kona ipi. Nikamwambia anaijua. Alitafuna jani moja mpaka likaisha, kisha akasema mawe yaliyobaki yatatosha.

Jumapili, tarehe 15

Tumefanya siku mbili mfululizo. Kwanza nimeuzibua mfereji, mwenyewe, Taratibu alitaka kusaidia nikamkataza. Halafu tumeugeuza njia: sasa unapita pembeni, juu ya banda langu, ukiwa umepangwa mawe, mpaka kwenye korongo. Mkamwana alishika mpira. Tuliupa mwinamo wa kidole kimoja kwa kila hatua, maji yaende bila kukimbia. Halafu tukachimba chini ya kona iliyotitia, kipande kimoja kimoja ili ukuta usije ukatuangukia, tukajaza mawe na zege.

Wifi alitoka siku ya kwanza akauliza tunafanya nini. Sikumjibu. Alileta maji ya kunywa. Wengine walikunywa.

Siku ya pili alisimama karibu yangu muda mrefu. Nilikuwa nimepiga magoti, au niseme magoti yamenipiga mimi, naweka mawe. Akasema kwa sauti ndogo:

"Wifi, acha. Nilikuambia imekwisha."

Hapo ndipo niliinua kichwa.

"Kwako," nikamwambia. "Mimi ninakurudishia ukuta wako, sakafu yako, na mfereji wako, vyote kama vilivyokuwa. Nilichokuchukulia nimekirudisha. Sasa na wewe ubaki na ulichonichukulia."

Taratibu aliacha kuchanganya zege. Mkamwana aliangalia chini. Uso wa wifi ulibadilika taratibu, kama mtu aliyekuwa anateremka ngazi gizani akadhani amefika chini, kumbe bado ziko.

Jumatano, tarehe 25

Zege la kona limekauka. Sakafu tuliziba ufa, tukainua mashine tukaikaza upya. Taratibu aliweka pima maji juu ya chuma, kipovu kikakaa katikati, kama kwangu. Alifungasha vifaa vyake. Alipokuwa anaondoka aliniambia yeye amejenga miaka ishirini, hajawahi kuona mtu akikarabati nyumba kwa nia mbaya. Nikamwambia aongeze kwenye hesabu zake.

Watu walikuwa wameanza kusimama uwanjani, watatu wanne, na ndoo zao. Walinisifu. Walisema moyo gani huo, bibi, mwingine angemcheka. Niliwaacha waseme.

Wifi alisimama kando ya mashine na mpini wa kuwashia mkononi, haugeuzi. Alikuwa na weusi chini ya macho. Mkamwana aliniambia njiani kwamba siku hizi shangazi halali, anaamka anazunguka uwanjani. Nilisogea mpaka karibu, nikamnong'oneza yeye peke yake, maana hili halikuwa la foleni.

"Iwashe," nikamwambia. "Na kila ukiiwasha, ujue."

Akaiwasha. Mkanda ulizunguka vizuri, haukuruka, wala chuma hakikutikisika. Yeye hakuutazama. Alikuwa ananitazama mimi, mpaka nilipogeuka kuteremka.